Namna ya Kuandika Shajara Ikakufaa: Mwongozo kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Ukimwuliza mtu aliyetoka kwake Chanika alfajiri na kurudi saa tatu usiku kwamba Jumatano ya wiki iliyopita ilimpitiaje, mara nyingi atakujibu kwa kukisia. Atakumbuka foleni na joto, na pengine simu moja iliyomuudhi, lakini neno alilomwambia mwenzake kazini, sababu iliyomfanya amjibu mtoto kwa ukali, na mahali zilipoishia shilingi 20,000 alizotoka nazo asubuhi, hayo yote yamekwisha kumtoka kichwani. Shajara, yaani daftari ambalo mtu huandika humo mambo ya siku zake kwa ajili yake mwenyewe, huhifadhi sehemu kubwa ya hayo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kuanza, na zaidi kwa ajili ya yule aliyewahi kuanza, akaacha kwa kuwa hakuona faida yake.

Nieleze msimamo wangu mapema, kwa sababu ndio unaoongoza hatua zote zinazofuata. Faida ya shajara hutokana na mambo mawili: kuandika tukio pamoja na sababu yake, na kurudi baadaye kuyasoma yale uliyoyaandika. Anayeandika matukio matupu hubaki na orodha, na anayeandika bila kurudi kusoma hupata nafuu ya usiku ule tu. Mengine yote, kama vile aina ya daftari, saa ya kuandika, urefu wa maandishi na uzuri wa lugha, ni ya kuchagua kulingana na nafasi ya kila mtu.

Hatua ya kwanza: amua shajara ikusaidie nini

Kabla ya kununua chochote, jiulize ni jambo gani hasa maishani mwako linalokutatiza na ambalo ungependa kulielewa vizuri zaidi. Mwenye presha, kisukari, pumu au kipandauso ana jibu la wazi. Daktari akimwuliza, "Mama, maumivu haya yalianza lini, na huja wakati gani?", jibu la "Ni siku nyingi kidogo, daktari" humwacha daktari akisie, ilhali ukurasa wenye tarehe, saa, chakula kilicholiwa, dawa iliyomezwa na kipimo kilichosomwa humwonyesha jambo ambalo mgonjwa mwenyewe hakulijua. Mama anayelea mtoto mwenye homa za mara kwa mara na mwanamke anayefuatilia siku zake wamo katika kundi hilohilo.

Mwingine shida yake ni fedha. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wana daftari la mauzo na la wadaiwa, na wanajua nani anadaiwa kiasi gani, lakini daftari la mauzo halisemi kwa nini ulimkopesha mtu ambaye tayari ulikuwa na shaka naye. Shajara husema. Yupo pia anayetaka utulivu wa moyo, anayetaka kufanya maamuzi yenye busara, na anayetaka wajukuu wake wajue nyumba ya Temeke ilijengwaje. Chagua jambo moja au mawili. Mengine yataingia yenyewe kadiri unavyoandika, kwa maana maisha ya mtu hayagawanyiki kirahisi.

Hatua ya pili: daftari, kalamu na mahali pa kuviweka

Kaunta buku yenye jalada gumu, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya shule, inatosha kabisa na hudumu miaka. Daftari jembamba la shule lililofungwa kwa pini hulegea jalada baada ya miezi michache ya kubebwa kwenye begi. Kalamu iwe ile ya kawaida yenye wino unaokauka haraka, kwa sababu katika joto la Januari na Februari kiganja chenye jasho hutapakaza wino wa majimaji hadi ukurasa usisomeke. Wanaoishi karibu na bonde la Msimbazi na sehemu nyingine ambako maji huingia ndani wakati wa masika waliweke daftari juu ya kabati, wala wasilifiche chini ya godoro au ndani ya sanduku lililo sakafuni.

Wengi huuliza kama simu haitoshi. Simu ina nywila, iko mkononi muda wote, na inafaa kwa kudokeza jambo ukiwa kwenye foleni ya pantoni ili lisikupotee. Hata hivyo napendelea daftari, kwa kuwa simu ileile unayoandikia ndiyo inayokuletea ujumbe wa kundi la harusi katikati ya sentensi, na simu huibwa, huuzwa na huharibika, ikaondoka na maandishi ya miaka. Ukiamua kutumia simu, hakikisha maandishi yamehifadhiwa pia mahali pengine.

Faragha inahitaji kufikiriwa kwa makini zaidi kuliko karatasi, kwa sababu wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za kupanga, watu watatu au wanne katika chumba na sebule, na mtu ambaye anahofia kusomwa hataandika ukweli. Zipo njia kadhaa. Anayejua lugha ya kwao aandike mambo ya ndani kwa lugha hiyo, na aliyesoma madrasa anaweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya watu wa pwani kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kilatini kuenea. Majina yaandikwe kwa vifupisho unavyovijua peke yako. Kwa walio katika ndoa, ninaamini ni afadhali kusema wazi kuliko kuficha: mwambie mwenzako kwamba daftari hili ni la mawazo yako, kwamba si siri ya kumficha jambo, na kwamba unaomba lisifunguliwe. Daftari lililofichwa likagunduliwa huzua shaka hata kama halina kitu. Namba za siri za benki na za simu zisiandikwe humo kabisa, na jambo ambalo likijulikana litamhatarisha mtu liandikwe kwenye karatasi ya pembeni kisha lichanwe.

Hatua ya tatu: wakati wa kuandika

Usiku kabla ya kulala unawafaa wengi, na kuna sababu nzuri ya kuutumia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor nchini Marekani, wakiongozwa na Michael Scullin, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu 57 waliolala katika maabara. Waliotumia dakika tano kabla ya kulala kuandika kazi zinazowasubiri siku zijazo walipata usingizi takriban dakika tisa mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kuzimaliza. Ndiyo maana nashauri mistari ya mwisho ya kila siku iwe ya kesho: nani apigiwe simu, nini kinunuliwe, deni gani lilipwe. Jambo lililoandikwa halihitaji tena kuzungushwa kichwani saa saba za usiku.

Wengine hurudi nyumbani wakiwa wamechoka kiasi kwamba kalamu ni mzigo. Hao watumie alfajiri baada ya sala, au nusu saa ya mapumziko ya mchana. Si lazima kuandika kila siku. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti walioutoa mwaka 2003, waliwaomba watu waandike mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ambayo waliyashukuru, na watu hao waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi kuliko wale walioandika kero zao. Mara tatu kwa wiki, kwa dakika 10 au 15, ni kipimo ambacho mfanyakazi wa mjini anaweza kukishika bila kujilaumu.

Hatua ya nne: tukio pamoja na sababu

Anza kila mara kwa siku, tarehe, mwaka, saa na mahali. Mwaka huonekana kama jambo lisilo na haja, hadi siku utakapofungua daftari la zamani na kushindwa kujua masika unayoisoma ni ya mwaka gani. Kwa mambo ya usiku, andika kwa uwazi kama ni Jumatatu usiku au ni usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa maana tofauti yake ni siku nzima, na kwa anayefuatilia homa au dawa tofauti hiyo ni kubwa.

Kisha andika kilichotokea. Hapa ndipo wengi wanapokosea njia, kwa kuwa huandika hukumu badala ya tukio. Tazama maandishi haya ya mtu wa kubuni, karani wa ofisi moja ya mjini anayeishi Tabata:

"Leo siku mbaya sana. Kazini matatizo matupu. Bosi ana roho mbaya. Nimechoka."

Baada ya miezi mitatu maneno hayo hayatamwambia chochote. Hayaonyeshi alichofanyiwa, alichofanya, wala cha kubadili. Sasa tazama siku hiyohiyo ikiandikwa upya:

"Jumanne, 14 Mei 2024, saa tatu na nusu usiku, nyumbani. Mvua ilianza saa kumi na moja alfajiri. Daladala mbili zilipita zimejaa, nikafika kazini saa tatu kasorobo. Bosi akaniuliza mbele ya mteja kwa nini nimechelewa, nami nikamjibu kwa sauti ya juu. Niliumia kwa sababu mteja alikuwa pale. Angeniita pembeni ningemweleza habari ya mvua, yakaisha. Nadhani pia nilifika nikiwa tayari nina hasira, maana baba mwenye nyumba alinipigia jana usiku kuhusu kodi, na sikula chochote asubuhi. Kesho: nimwombe radhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Nimpigie baba mwenye nyumba nimpe tarehe kamili ya kulipa."

Maandishi hayo hayakumchukua zaidi ya dakika 10, wala hayana urembo wowote wa lugha. Hata hivyo tazama yaliyotokea mkono ulipokuwa ukiandika. Alianza na mvua, akaenda kwa bosi, kisha neno "nadhani" likamfikisha kwenye kodi ya nyumba, ambayo haikuhusika na ofisi hata kidogo. Asingeandika, huenda angelala akiamini kwamba tatizo lake ni bosi, na kesho yake angeenda kazini na chuki, ilhali kilichohitajika ni radhi fupi na simu moja kwa mwenye nyumba. Hiyo ndiyo kazi ya sababu. Kila unapoandika tukio lililokugusa, jilazimishe kuandika angalau sentensi moja yenye "kwa sababu", "nadhani" au "nimegundua", hata kama huna uhakika nayo. Ukija kuona ulikosea, utaliandika na hilo.

Mambo mema nayo yanastahili kuandikwa kwa undani uleule. "Namshukuru Mungu kwa familia" ni kweli, lakini ni sentensi unayoweza kuiandika siku yoyote. "Mama mdogo alikuja na mihogo kutoka Mkuranga, akakaa na watoto mpaka nikarudi, na nilipofika nilikuta wamekwisha kuoga" ni jambo la siku hiyo peke yake, na ukilisoma baada ya mwaka utakumbuka pia kwamba unapaswa kumtembelea.

Hatua ya tano: mambo mazito

Kuna mambo ambayo mtu hayasemi kwa yeyote: aibu ya utotoni, ndoa iliyovunjika, mimba iliyoharibika, ndugu aliyedhulumu mirathi. Hapa shajara ina msaada wa pekee, na utafiti wake ndio ulioanza kuwafanya wanasayansi walichukulie jambo hili kwa uzito. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Baadhi yao waliandika mambo ya kawaida tu, na wengine waliandika matukio yaliyowaumiza maishani. Walioandika tukio lenyewe pamoja na hisia zao juu yake walikwenda kwa tabibu wa chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake walilijaribu kwa wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi, walioandika dakika 20 kwa siku tatu, na baada ya miezi minne wengi zaidi miongoni mwao walikuwa wamepata nafuu inayopimika kuliko wale walioandika mambo ya kawaida. Wagonjwa hao waliendelea na matibabu yao, na yeyote atakayejaribu njia hii afanye vivyo hivyo.

Fanya hivi. Chagua siku nne ambazo huna safari wala mgeni, na saa ambayo baada yake hutatakiwa kuingia kwenye kikao au kuuza duka. Keti mahali ambapo hutaitwa. Andika kwa dakika 15 bila kunyanyua kalamu, bila kufuta, bila kujali herufi, ukieleza jambo moja: lilivyotokea, ulivyojisikia wakati ule, unavyojisikia sasa, na jinsi lilivyogusa uhusiano wako na wazazi, mwenzi, kazi au imani. Siku ya pili na ya tatu rudia jambo lilelile, lakini usinakili maneno ya jana. Jaribu kulieleza kama lilivyoonekana na mtu mwingine aliyekuwapo. Siku ya nne andika unachoelewa sasa ambacho hukukielewa siku ya kwanza. Pennebaker alipochunguza maneno ya walioandika, aliona kwamba walionufaika zaidi walikuwa wakiongeza, siku baada ya siku, maneno ya sababu na ya utambuzi, na walikuwa wakibadili upande wa kutazamia, leo wakisema habari zao wenyewe na kesho wakisema habari za wengine waliohusika. Aliyebaki anarudia lalamiko lilelile kwa maneno yaleyale siku zote nne hakupata faida hiyo.

Utegemee kujisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Huzuni hiyo ni ya kawaida na kwa wengi hupungua baada ya saa kadhaa. Lakini ukiona kwamba jambo fulani linakuzidi nguvu, acha, andika jambo jingine au funga daftari. Hakuna faida yoyote inayohitaji ujitese. Msiba mpya nao usiuharakishe kwenye karatasi. Katika siku za matanga watu wamejaa, turubai limefungwa nje, na kukaa na watu ndiyo tiba ya wakati huo. Kalamu itafaa zaidi wageni wakishaondoka na nyumba imebaki na ukimya ambao waliofiwa wanaujua. Na ikiwa maandishi yako yanarudi kila mara kwenye mawazo ya kujidhuru, au hulali wala huli kwa majuma, shajara peke yake haitoshi. Mwambie mtu unayemwamini akusindikize kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na kwenda huko hakuna tofauti na kwenda kupimwa presha.

Hatua ya sita: maamuzi makubwa

Kiwanja Kigamboni, kazi mpya, mchango wa kikoba, mkopo kwa mdogo wako anayetaka kununua bodaboda: kwa maamuzi kama haya andika ukurasa wa peke yake, kabla matokeo hayajajulikana. Andika ulichoamua, njia nyingine ulizoziacha, sababu zako, unachotarajia kitokee na lini, na kinachokutia hofu. Weka kiasi cha fedha na tarehe.

Haja ya kuandika mapema ni kwamba kumbukumbu zetu huinama kufuata matokeo. Baruch Fischhoff na Ruth Beyth walilionyesha hilo mwaka 1975. Kabla ya safari za Rais Richard Nixon wa Marekani kwenda Beijing na Moscow mwaka 1972, waliwauliza watu wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo, kisha baadaye wakawaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Kwa mambo ambayo watu hao waliamini kuwa yalitokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko waliokuwa wameuandika. Ndivyo tunavyosema "mimi nilijua tu" kiwanja kikiingia kwenye mgogoro, hali siku ya kulipa tulikuwa na furaha tele. Ukurasa ulioandikwa siku ya kulipa hukuonyesha ulijua nini kweli, ulipuuza ushauri wa nani, na kama kosa lilikuwa la kufikiri au ni bahati mbaya tu. Aliyefikiri vizuri akapata bahati mbaya hana sababu ya kuacha njia yake ya kufikiri, na aliyekurupuka akafanikiwa anapaswa kujua kwamba alikurupuka.

Hatua ya saba: rudi usome

Hatua hii ndiyo inayoachwa na wengi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Mwisho wa kila mwezi, tenga saa moja. Soma kurasa zote za mwezi kwa mfululizo, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine, na uweke alama pembeni kila unapoona jambo limejirudia: jina la mtu, sehemu ya mwili inayouma, siku ya wiki, kiasi cha fedha, neno la hofu. Usirekebishe wala usifute ulichoandika zamani hata kama kinakuaibisha. Ukiwa na la kuongeza, liandike pembeni pamoja na tarehe ya leo.

Mambo yatakayojitokeza mara nyingi ni madogo na ya kushangaza. Mtu anaweza kuona kwamba ugomvi wote na mwenzi wake umetokea kati ya tarehe 20 na 25, kabla ya mshahara, na kwamba hakuna hata mmoja ulioanza kwa habari ya fedha, bali ulianza kwa sahani, kwa mtoto, kwa simu isiyopokelewa. Mwingine ataona kuwa kichwa kinamuuma siku alizoruka chakula cha mchana. Mwingine ataona kuwa kila alipotembelewa na rafiki fulani alilala na furaha, na kwamba hajamwona rafiki huyo kwa miezi miwili. Siku moja moja hazionyeshi hayo. Huonekana pale tu kurasa zinapowekwa pamoja.

Ukimaliza kusoma, andika ukurasa mmoja wenye kichwa "Niliyoyaona mwezi huu", kisha chagua jambo moja la kubadili katika mwezi unaofuata. Jambo moja, na liwe la kutendeka: kuzungumza na mwenzi juu ya matumizi tarehe 15 badala ya kusubiri mfuko ukauke, au kubeba chakula kutoka nyumbani. Mwenye maradhi anakili vipimo na tarehe kwenye karatasi safi na aende nayo kliniki, kwa sababu daktari mwenye foleni ndefu hawezi kusoma daftari zima.

Mara moja kwa mwaka soma mwaka mzima. Utakuta hofu nyingi ambazo hazikutimia, na utakuta pia maonyo uliyojipa mwenyewe ukayasahau.

Ukiacha, na daftari likijaa

Utaacha. Kutakuwa na wiki za mtihani, ugonjwa, ugeni au uchovu tu. Usijaribu kujaza siku zilizopita, kwa maana utaandika makisio na kazi hiyo itakuchosha kabla hujafika leo. Ruka mstari mmoja, andika tarehe ya leo, taja kwa sentensi moja au mbili jambo kubwa lililotokea katikati, na uendelee.

Daftari likijaa, andika kwenye jalada lake tarehe ya kwanza na ya mwisho pamoja na namba ya daftari, kisha liweke na mengine mahali pakavu penye hewa, ambapo mende na mchwa hawafiki. Wazee wengi walikuwa wakiandika tarehe za kuzaliwa na za vifo kwenye kurasa za mwisho za msahafu au Biblia ya nyumbani, na familia zao hutumia kurasa hizo hadi leo pale cheti kinapokosekana. Fanya vivyo hivyo kwa tarehe muhimu zilizomo katika shajara yako: zinakili kwenye karatasi ambayo ndugu zako wanajua ilipo. Kuhusu madaftari yenyewe, amua ukiwa hai na timamu. Mtaje mtu mmoja atakayeyachukua baada yako, mwambie kwa mdomo, na uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari kama ayasome, ayahifadhi kwa ajili ya watoto, au ayachome bila kuyafungua.